Siku Mbili katika Gaushala Nje ya Vrindavan: Ua wa Mbele na Ua wa Nyuma

Gaushala niliyoitembelea, yaani nyumba ya kutunzia ng'ombe, iko kilomita chache nje ya mji wa Vrindavan, katika wilaya ya Mathura, jimbo la Uttar Pradesh, kaskazini mwa India. Nilishinda hapo siku mbili za mwezi wa Januari, tangu alfajiri hadi taa za jioni zilipowashwa, nami nawaandikia wale wanaofikiria kufanya ziara ya namna hiyo. Jina lake silitaji, kwa sababu baadhi ya nitakayoyaeleza hayatawafurahisha wasimamizi wake, na watu hao walinikaribisha kwa ukarimu ambao sikuwa nimeufanyia lolote. Nitasema mapema nilivyoipima: ua wa mbele, ambao wageni wengi hawauvuki, ni wa kawaida tu na una kasoro zinazoweza kumdhuru mnyama, lakini ua wa nyuma, ambao mgeni hana budi kuomba ruhusa ndipo aingie, ulinifanya niahirishe safari yangu ya Agra kwa siku moja.

Gau ni ng'ombe, shala ni nyumba au ukumbi, kwa hiyo neno lenyewe halina fumbo. Hata hivyo, asiende mtu akidhani anazuru shamba la maziwa. Kazi ya asili ya gaushala ni kuwatunza ng'ombe waliokosa wa kuwatunza: waliozeeka, waliokauka maziwa, waliogongwa na magari, vipofu, ndama dume waliotelekezwa, na maksai ambao trekta liliwanyang'anya jembe. Katika jimbo la Gujarat, hasa miongoni mwa Wajaini, waumini wa dini ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote, kuna taasisi ya ukoo huohuo iitwayo panjrapole, nayo haichagui mnyama. Humo hupokewa mbuzi, nyati wa kufugwa, na hata ndege waliovunjika mabawa. Gaushala za eneo la Braj, ambalo Vrindavan ni moyo wake, hushughulika na ng'ombe tu, na sababu yake inajulikana na kila mtoto wa huko: hapa ndipo Wahindu wanapoamini kwamba mungu wao Krishna alilelewa na wachunga ng'ombe, na majina yake mawili yanayotamkwa sana, Gopala na Govinda, yote yanamtaja kama mchungaji wao.

Imani peke yake haielezi kwa nini mazizi hayo yamejaa hadi pomoni. Katiba ya India, iliyoanza kutumika mwaka 1950, inaliagiza taifa katika kifungu cha 48 lichukue hatua za kupiga marufuku uchinjaji wa ng'ombe na ndama, na majimbo mengi yametunga sheria za kutekeleza agizo hilo, ingawa mengine kama Kerala na West Bengal yana msimamo tofauti. Wakati huohuo India ndiyo nchi inayozalisha maziwa mengi kuliko zote duniani, na maziwa hayapatikani pasipo ng'ombe kuzaa, na nusu ya wanaozaliwa ni madume ambao siku hizi hawana nira ya kuvuta. Mkulima mwenye kipande kidogo cha ardhi hawezi kumlisha kwa miaka kumi ng'ombe asiyetoa kitu. Kumwuza kwa mchinjaji haruhusiwi. Basi usiku mmoja humfungulia kamba na kumswaga mbali na kijiji. Sensa ya mifugo ya mwaka 2019 ilihesabu ng'ombe wapatao milioni 192 nchini humo, na wanaozurura bila mwenyewe walikuwa kama milioni 5. Ng'ombe hao hula ngano mashambani, na wakulima wa Uttar Pradesh hukesha kwenye vichanja kulinda mazao yao. Wakifukuzwa mashambani huingia mijini na kula takataka. Wachache kati yao, wenye bahati, huishia mahali kama hapa.

Kufika si kazi. Treni nyingi zitokazo Delhi kuelekea kusini husimama Mathura Junction, na anayependa barabara hupitia ile ya kasi ya Yamuna, iliyofunguliwa mwaka 2012. Kutoka Mathura hadi Vrindavan ni mwendo wa kilomita kumi na kitu, kisha mgeni huchukua bajaji ya umeme inayokwenda polepole kiasi cha kumpa nafasi ya kuwahesabu ng'ombe waliolala katikati ya njia. Nina onyo moja tu la barabarani, nalo halihusu ng'ombe: nyani wadogo wa Vrindavan ni mabingwa wa kupora miwani usoni mwa watu na kuirudisha kwa kubadilishana na juisi au matunda. Yangu niliiweka mfukoni, na kwa hiyo asubuhi ya kwanza niliiona gaushala kama kivuli tu, kwani ukungu wa Januari katika bonde la Yamuna ni mzito hata pasipo tatizo la macho.

Mlangoni watu husalimiana kwa kusema "Radhe Radhe", na mgeni akijibu hivyohivyo tayari ameshakaribishwa. Viatu vya ngozi na mikanda ya ngozi ni vyema vikaachwa nyumbani. Hakuna atakayekufukuza, ila utajionea jinsi macho ya watu yanavyoteremka hadi miguuni kwako. Upande wa kulia wa ua kuna ofisi ya kupokea michango, yenye karani mpole na kitabu cha stakabadhi, na juu ya ukuta wake kuna bango linaloeleza kwamba mtoaji anaweza kupunguziwa kodi kwa mujibu wa kifungu cha 80G cha Sheria ya Kodi ya Mapato. Bango hilo ni la maana kuliko linavyoonekana, kwa kuwa taasisi haiwezi kutoa stakabadhi ya namna hiyo bila kusajiliwa na mamlaka ya kodi na kuonyesha hesabu zake. Anayetaka kutoa fedha mahali popote pa aina hii na aulizie kwanza stakabadhi hiyo, kisha aulize kama taasisi inatambuliwa na Bodi ya Ustawi wa Wanyama ya India, chombo cha serikali kilichoundwa mwaka 1962 chini ya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Karani alinionyesha vyote viwili bila kununa, na hilo nalihesabu kuwa jambo jema.

Kasoro zinaanza hatua ishirini kutoka hapo, penye meza ya kuuzia chakula cha ng'ombe. Mgeni hununua fungu la majani mabichi, bonge la sukari guru, au rundo la chapati, kisha huenda kwenye uzio na kulisha kwa mkono wake. Katika nyumba nyingi za Kihindu chapati ya kwanza inayotoka kwenye chuma cha kuokea huwekewa ng'ombe, na desturi hiyo, chapati moja kwa ng'ombe mmoja wa jirani, haijawahi kumdhuru mtu wala mnyama. Hapa walikuwapo ng'ombe wapatao kumi na wawili wa uani, na kabla ya saa sita mchana yalikuwa yameshafika mabasi matatu ya mahujaji. Tumbo la kwanza la mnyama anayecheua ni pipa la kuchachushia majani, na wadudu wadogo wasioonekana wanaoishi ndani yake wamezoea kufanya kazi taratibu. Wanga na sukari vikiingia kwa wingi na kwa ghafla, uchachu hupanda kwa kasi, wadudu wale hufa, na ng'ombe huacha kucheua, hulala chini, na anaweza kufa katika muda wa siku moja au mbili. Kila daktari wa mifugo wa kaskazini mwa India amewahi kumwona ng'ombe aliyekufa hivyo siku ya pili ya sikukuu, akiwa ameuawa na ukarimu. Sikuona kibao kinachotaja kiasi. Kijana aliyekuwa akiuza chapati hizo alikuwa na adabu na mikono misafi, lakini nilipomwuliza ni ngapi zinamtosha ng'ombe mmoja, alitabasamu na kusema ng'ombe mwenyewe ndiye anayejua. Ng'ombe hajui. Angejua, asingekula mifuko ya plastiki.

Hao kumi na wawili, lazima niseme, ni wazuri ajabu, na bila shaka ndiyo sababu wamewekwa mbele. Wengi wao ni wa aina ya Gir, wenye asili ya Gujarat: paji la uso limebinuka kama kuba, masikio marefu yamejikunja kama majani yaliyonyauka, ngozi ni nyekundu yenye mabaka, na nundu iko wima. Wamepakwa unga mwekundu katikati ya pembe na wamevishwa mashada ya maua ya njano. Kwa mchango wa rupia kadhaa mgeni hufanyiwa ibada fupi, hupiga picha, na kumzunguka ng'ombe akiwa ameshika taa ya samli. Ibada yenyewe inafanywa kwa heshima, na mhudumu wake hakumharakisha bibi mmoja mzee aliyetaka kuishika miguu ya mnyama na kuulaza uso wake juu ya kwato. Nililolikosa pale ni ukweli kuhusu mahali penyewe. Mtu anaweza kuja kutoka Delhi, akalisha, akaomba, akalipa, akaondoka akiamini kwamba ng'ombe waliookolewa ni wanene, safi, na wote ni Gir.

Ili kupita kwenda nyuma nilimwomba msimamizi, naye akaniuliza swali moja tu, kama ninaweza kuvumilia harufu. Nikasema ndiyo. Akanikabidhi kwa mzee mmoja mwenye kilemba cha kijivu ambaye wote pale humwita Baba, nami nikamwita hivyohivyo. Yeye aliniita Bhaiya, yaani kaka, ingawa umri wake ungetosha kunizaa. Nilikuwa na Kihindi cha kuokoteza, na kijana mmoja wa kujitolea alinitafsiria palipozidi.

Ua wa nyuma ni mpana mara nne au tano ya ule wa mbele, umegawanywa kwa kuta fupi za matofali, na mgawanyo wake unaonyesha fikra. Vipofu wana zizi lao lisilo na hori katikati, ili wasijigonge. Wameshaijua njia ya maji na huifuata wakiwa wamegusana ubavu kwa ubavu. Wenye miguu mitatu wako kwenye mchanga, si kwenye sakafu ya saruji. Madume wamehasiwa na wanakaa mbali na majike, jambo ambalo si kila gaushala hulizingatia, kwani pale ambapo fahali huachwa na majike, nyumba ya kuokolea ng'ombe hugeuka taratibu kuwa nyumba ya kuwazalisha, na nafasi ya yule aliyegongwa barabarani huchukuliwa na ndama ambaye asingekuwa na sababu ya kuzaliwa hapo. Humo nyuma pia ndimo nilimowaona wale wasiotokea kwenye picha: ng'ombe weusi wenye mabaka meupe, machotara wa Holstein, aina ya ng'ombe wa maziwa kutoka Ulaya, ambao baadhi ya waumini huwaona si ng'ombe kamili kwa kuwa hawana nundu. Nilimwuliza Baba kama wanatunzwa tofauti. Alinitazama kama niliyemwuliza kama mvua hunyesha tofauti.

Chumba cha upasuaji ni kibanda chenye paa la mabati, sakafu inayooshwa, na chuma cha kumshikilia mnyama akiwa amesimama. Asubuhi ile daktari wa mifugo alikuwa akimfungua tumbo ng'ombe mweupe mdogo aliyeletwa siku mbili kabla. Upasuaji huo hufanywa ubavuni upande wa kushoto, mnyama akiwa macho na amechomwa sindano ya ganzi, kwa kuwa kumlaza ng'ombe kwa dawa ya usingizi kuna hatari zake. Yule daktari aliingiza mkono hadi kwapani na kuanza kutoa. Sijui nilitarajia nini. Pengine vipande vya mifuko. Kilichotoka kilikuwa kama kamba moja ndefu isiyokwisha, iliyosukwa na tumbo lenyewe kwa miezi au miaka: mifuko, nyuzi za magunia, kitambaa, waya wa umeme, kiatu cha mtoto. Watu hufunga mabaki ya jikoni ndani ya mfuko na kuutupa; ng'ombe hawezi kuufungua mfuko, tena midomo yake haina uwezo wa kuchambua kama ya mbuzi, hivyo huumeza wote. Plastiki haitoki wala haiozi, hujikusanya, na mnyama hujihisi ameshiba huku akikonda. India ilipiga marufuku aina kadhaa za plastiki za kutumia mara moja kuanzia tarehe 1 Julai 2022, lakini jalala lililo nje ya ukuta wa gaushala hii halijapata habari. Uzito wa kilichotolewa siku ile haukupimwa mbele yangu. Ninachoweza kusema ni kwamba ndoo tatu zilijaa na daktari hakuwa amemaliza, na kwamba visa vya makumi ya kilo katika tumbo moja vinafahamika vyema nchini humo.

Baada ya hapo Baba alinipa kazi, na huu ndio upande wa ziara hii ninaoupendekeza zaidi, ingawa hautangazwi popote. Kazi yenyewe ilikuwa kushika taa wakati yeye akitoa funza kwenye kidonda kilichokuwa chini ya pembe ya maksai mmoja. Alimwagia mafuta ya tapentaini, akasubiri watoke wenyewe, kisha akawachukua mmoja mmoja kwa koleo, akihesabu kwa sauti ya chini. Maksai huyo alikuwa na saratani ya pembe, ugonjwa unaowapata sana ng'ombe wenye nundu wa India, na hasa waliohasiwa. Pembe ilikuwa imeshakatwa, na kidonda kilichobaki kilikuwa na ukubwa wa kikombe. Funza walikuwa wengi kiasi kwamba Baba alipoteza hesabu, akacheka, akaanza tena kutoka moja. Mnyama alisimama tuli. Nilidhani ni uvumilivu, kumbe, aliniambia Baba, ni kwamba wakishatolewa kumi wa kwanza ng'ombe huelewa nini kinafanyika.

Sehemu iliyonitatiza ni ile ya wasioweza kusimama. Walikuwa tisa, wamelazwa kwenye mchanga na majani makavu, kila mmoja amefunikwa magunia ya katani dhidi ya baridi. Ng'ombe mzito akilala upande mmoja kwa saa nyingi, uzito wake mwenyewe hukandamiza misuli na mishipa ya fahamu hadi mguu unakufa, kwa hiyo wafanyakazi hupita kwa zamu na kuwageuza, watu wanne kwa ng'ombe mmoja, usiku na mchana. Wengine huinuka baada ya wiki. Wengine hawainuki. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama ya mwaka 1960 inatambua kwamba mnyama aliyeumia pasipo tumaini anaweza kufishwa ili asiteseke, lakini katika gaushala jambo hilo halifanyiki. Ng'ombe huachwa afe kwa wakati wake, akisomewa na kunyweshwa maji ya mto mtakatifu wa Ganga mdomoni. Mimi sikubaliani nalo. Nilimwona mmoja aliyekuwa akisaga meno kwa maumivu, na dawa ya kupunguza maumivu aliyopewa haikuonekana kutosha. Namheshimu mtu anayeamini kwamba uhai si wake kuukata, tena anayeamini hivyo akiwa anakesha naye, si akiwa mbali. Ila ningependa kuona dawa zaidi, na daktari wa kudumu badala ya huyu anayekuja asubuhi na kuondoka mchana. Ikiwa kuna jambo moja ambalo michango ya ua wa mbele ingepaswa kugharimia kabla ya mashada ya maua, ni hilo.

Kuhusu fedha, niliambiwa kwamba gaushala hii hutegemea wafadhili binafsi, tofauti na mabanda yanayoendeshwa na serikali ya jimbo kwa ajili ya ng'ombe wanaozurura. Hayo ya serikali yalikuwa yakipewa rupia 30 kwa siku kwa kila ng'ombe, na mwaka 2023 kiwango kikapandishwa hadi rupia 50. Rupia 50 hazimshibishi ng'ombe mzima. Huku nilikokuwa, chakula cha msingi ni mabua ya ngano yaliyokatwakatwa kwa mashine, yakachanganywa na majani mabichi ya berseem yanayolimwa majira ya baridi, pumba, na mashudu ya haradali kwa wale waliodhoofika. Mashine ya kukatia inaanza kunguruma saa kumi na moja alfajiri, na ng'ombe wote, hata vipofu, hugeuza vichwa upande wake kwa pamoja. Chakula kilikuwa safi, na mahori yalisuguliwa kila siku. Maji yalikuwa mengi. Sina la kulalamikia hapo.

Nina la kulalamikia kuhusu wanaowasili. Ng'ombe mpya aliyeshushwa kwenye gari jioni ya siku ya kwanza aliingizwa moja kwa moja katika zizi la wengine, bila kutengwa hata siku moja. Mwaka 2022 ugonjwa wa mapele ya ngozi uliua makumi ya maelfu ya ng'ombe katika Rajasthan, jimbo linalopakana na wilaya hii ya Mathura, na katika Gujarat. Kuna pia ugonjwa wa miguu na midomo, kifua kikuu, na ule wa kutupa mimba, na haya mawili ya mwisho humwambukiza hata binadamu. Zizi la kutengea wageni wa miguu minne lingehitaji ukuta mmoja tu. Kwa sababu hiyohiyo mgeni na anawe mikono kwa sabuni kila anapotoka nyuma, na akipewa maziwa, aulize kama yamechemshwa. Yangu yalikuwa yamechemshwa, yakatiwa manjano, na yakaletwa katika kikombe cha udongo.

Duka lililo karibu na lango la kutokea linauza uvumba, sabuni, dawa ya mbu ya kuchoma, na vyungu vya kuoteshea miche, vyote vikiwa vimetengenezwa kwa samadi, na ni vitu vizuri vya bei ya haki. Vyungu hasa nilivipenda: huzikwa ardhini pamoja na mche na kuoza vikawa mbolea. Samadi nyingine hutengenezwa vibandiko vinavyokaushwa ukutani na kutumika kama kuni, na nyingine huingia katika mtambo wa gesi unaopikia jikoni kwa wafanyakazi; nilikula hapo mchanganyiko wa wali na dengu, bila kitunguu wala kitunguu saumu kama ilivyo desturi ya Vrindavan, na nikaongezewa. Rafu moja ya duka, hata hivyo, imejaa chupa za mkojo wa ng'ombe uliochujwa, zenye orodha ya magonjwa zinayodaiwa kuponya, kuanzia kisukari hadi saratani. Katika tiba ya jadi mkojo ni moja ya vitu vitano vya ng'ombe vinavyoheshimiwa, pamoja na maziwa, mtindi, samli na samadi, na anayeutumia kwa ibada anajua anachofanya. Kumwandikia mgonjwa wa saratani kwamba utamponya ni jambo jingine. Ajabu ni kwamba hatua mia moja kutoka rafu hiyo amesimama maksai mwenye saratani ya pembe, naye anatibiwa kwa kisu na viuavijasumu.

Wapo watakaoniuliza kuhusu siasa, kwa kuwa katika India ya leo ng'ombe si mnyama tu. Watu wameuawa na makundi kwa kushukiwa kwamba walisafirisha ng'ombe au kuhifadhi nyama yake, na waliouawa wengi wao ni Waislamu. Sikulisikia likizungumzwa ua wa nyuma. Dereva wa gari lililoleta ng'ombe mpya alikuwa Mwislamu wa kijiji cha jirani, aliitwa kwa simu na Baba mwenyewe, na walikunywa chai pamoja wakibishana kuhusu tairi.

Wakati mzuri wa kwenda ni kati ya Oktoba na Machi, kwani Mei na Juni joto hupita nyuzi 40 na mchana hakuna kazi inayofanyika. Anayependa shamrashamra aende siku ya Govardhan Puja, inayofuata Diwali, au Gopashtami siku chache baadaye, wakati ng'ombe wanapooshwa, kupakwa rangi na kutembezwa. Anayetaka kufanya kazi aziepuke siku hizo, maana hata ua wa nyuma hujaa watu na chapati. Afike kabla ya saa mbili asubuhi, avae nguo asizozipenda, na amwombe msimamizi kwa upole. Mchango apeleke ofisini na kuandikisha kwamba ni kwa ajili ya dawa. Akitaka kuja na kitu mkononi, magunia matupu ya katani yanapokewa kwa furaha kuliko sukari guru. Baba ndiye aliyenituma niseme hivyo.

Ng'ombe mweupe aliyepasuliwa tumbo alikuwa amesimama jioni ya siku ya pili, kichwa chini, hajagusa majani. Daktari alikuwa amesema kinachongojwa ni acheue, na kwamba inaweza kuchukua siku. Tulikaa tukimtazama taya kwa muda, mimi, Baba na yule kijana wa kujitolea, kisha kengele ya ibada ikalia ua wa mbele, na Baba akasimama, akajipangusa magoti, na kutuita. Haikuwa kwenda kwenye ibada. Ilikuwa zamu ya kuwageuza wale tisa, na mtu wa nne hakuwa amefika.